Chale Chini ya Kitenge

Wapendwa, hebu fumbeni macho kidogo, mkione kitanda kimoja hospitalini. Amelala mama mmoja, mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao. Anatweta, na midomo imeanza kubadilika rangi. Damu iliganda mguuni mwake, lile donge likapanda mpaka kwenye mapafu, likaziba njia.

Daktari ameshika bomba la sindano. "Mama, dawa hii itayeyusha donge, upumue. Lakini haichagui. Penye kidonda, damu itatoka pia. Je, umechanjwa au kukatwa popote siku hizi?"

Kina mama wenzake wa kanisani wamezunguka kitanda. Mmoja akacheka kwa woga. "Achanjwe? Huyu? Daktari, huyu ndiye aliyenitoa kwenye kwaya kwa sababu nilimpeleka mwanangu kwa mganga!"

Mama akageuza uso ukutani. Mguu ulipovimba, alidhani amekanyaga kitu alichotegewa. Akajitanda kanga gubigubi, akapita njia za uani mpaka kwa mganga, akachanjwa chale kwenye shavu la mguu. Hizo hapo, bado mbichi, chini ya kitenge chake. Aseme, na yule aliyemfukuza asikie? Au anyamaze, afe na heshima yake? Ninyi mngefanyaje?

Pumzi ikamkaba. Akavuta kitenge kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimechanjwa, mwanangu. Hapa."

Daktari hakumtazama usoni hata kidogo, aliutazama mguu. "Asante, mama. Hapa panabanika, damu tutaizuia. Sista, lete bandeji."

Bandeji ikafungwa, dawa ikaanza kuingia, na damu ikachomoza kweli kwenye zile chale. Ndipo yule wa kwaya akakunja mikono ya gauni, akaushika mguu.

"Sista, nionyeshe nibane wapi. Na wewe Mwenyekiti, pumua tu. Tutasutana ukipona."

Akapumua. Donge likayeyuka, akapona.

Wapendwa, sisi tuliokaa hapa na vitenge vyetu vizuri, tumefunika nini? Mungu akituuliza tumeumia wapi, tunakimbilia kujifunika zaidi, kana kwamba ameshika fimbo. Rehema yake ina nguvu ya kuyeyusha kila kilichotuziba. Tuipokee tukiwa wazi.

Nawaomba basi, hata mkisahau mengine yote, mkumbuke hili moja: aliyeuliza kidonda kiko wapi alikuwa anatafuta mahali pa kushika.