Mwali Aliyekuja na Mkeka Wake

Palikuwa na kungwi mmoja, ndugu zangu, aliyejulikana mtaa mzima. Hakuna bibi harusi aliyetoka kwao kabla hajakaa mbele yake. Mambo ya chumbani aliyataja waziwazi, wanawake wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa pindo za khanga. Lakini binti yake mwenyewe, wa miaka kumi na sita, alikuwa ameambiwa neno moja tu: "Jitunze." Kwa desturi yao mama hamfundi mwanawe, hiyo ni kazi ya shangazi. Na shangazi alikwisha kufariki.

Tumlaumu? Mimi siwezi. Nami nina watoto watatu.

Jumamosi moja mchana mtu akapiga hodi. Akaingia msichana aliyejitanda khanga mpaka usoni, mkeka kwapani. Akautandika, akaketi na kunyoosha miguu, kama mwali anavyoketi mbele ya kungwi.

"Shikamoo, somo," akasema, kama mwali anavyomwita kungwi wake.

Kungwi aliijua sauti. Hata khanga aliijua, maana ilikuwa yake.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa jirani. Mama yangu ana haya, ndiyo maana nimekuja kwako."

Kungwi akacheka, akataka kumfukuza. Binti akasema taratibu, "Kuna kijana ananiambia mara ya kwanza mtu hapati mimba. Anataka jibu langu kesho. Ni kweli, somo?"

Kicheko kikakatika. Mama akaja akaketi mkekani. Akamwambia ni uongo, mara moja inatosha. Akamweleza mwili unavyofanya kazi, akataja kondomu, vidonge na sindano kwa majina yake, akasema siku akihitaji kliniki watakwenda wote wawili. Akamfundisha pia kusema hapana bila kuomba radhi. Wakacheka tena, safari hii pamoja, mpaka chai ikapoa.

Binti akakunja mkeka. "Asante, somo. Sasa mama nikamwambie nini?"

Kungwi akamfunua khanga usoni. "Mwambie somo amesema siku nyingine usipige hodi."

Ndugu zangu, yule mama hakupungukiwa maneno. Alikuwa nayo tele, ila yote ya watoto wa watu. Na sisi je? Ni wangapi kati yetu tunaomshauri vizuri mtoto wa jirani, huku wetu anazunguka nyumba akitafuta mlango? Leo tukirudi nyumbani, tukae nao mkekani, hata kama tutaanza kwa kucheka. Tusingoje wajifunike uso. Yule kijana anayetaka jibu kesho hana haya kama sisi. Yeye amekwisha kuanza kufundisha.