Matanga ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu mwaka gani maana sikuwapo, Bi Kindi alianzisha kampuni ya kupeleka vifurushi msituni. Nyati na Kiboko walitoa vikapu na ghala, wakawa wabia wake. Kukimbia alikimbia yeye peke yake.

Mkia ukaanza kunyonyoka. Akawa anakula amesimama. Siku moja alimwita mwanawe kwa jina la mteja. Kesho yake kizunguzungu kikamshika juu ya mti, puu! chini, kifurushi kifuani.

Akawaendea wabia. "Shikamooni, wazee. Nimechoka mno, naogopa nitakufa. Nipeni siku tatu tu nilale."

"Ulale?" Nyati akafoka. "Kampuni bado changa, na wewe ndiye mwanzilishi! Mwanzilishi halali!"

"Kunywa maji, mama," akasema Kiboko, ambaye dawa yake ya kila kitu ni maji.

Kindi akarudi kwake. Asubuhi msitu mzima ukasikia, "Uwiii! Jamani, uwiii!" Kufika, mikeka imetandikwa uani, mwenyewe kajifungia chumbani.

Mnajua wenyewe, pakiwa na msiba kazi husimama. Ghala likafungwa. Na adabu ya msitu ule, marehemu hatajwi mpaka mfiwa amtaje. Basi Nyati akapasua kuni, Kiboko akateka maji, wakawapikia waombolezaji maharage.

Chumbani: khorrr... khorrr...

"Huyu si anakoroma?" Nyati akanong'ona.

"Ndivyo wanavyolia kwao. Koroga, maharage yanaungua!"

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Kindi akatoka, macho maangavu, akajinyoosha.

"Pole sana, Bi Kindi," akasema Nyati. "Sasa tuambie, marehemu ni nani?"

"Ni mimi."

"Ala! Si umesimama hapo?"

"Bado sijafa, mzee. Ila niliona nikifa mtafunga ghala siku tatu. Nikazichukua mapema, nizilale mwenyewe."

"Umetudanganya!"

"Ndiyo. Nilipowaambia kweli, mlinipa siku ngapi?"

Nyati akautazama mwiko aliokuwa ameushika. Aibu ikampata.

Tangu hapo Kindi hulala kila Ijumaa, na vifurushi vya siku hiyo hubebwa na Nyati, akilalamika njia nzima.

Nanyi wanangu, aliyechoka mpumzisheni angali hai, maana akishakufa, hizo siku tatu mtapumzika ninyi.