Mbwa Mmoja, Mazizi Matatu

Anayetaka hadithi ya sungura aondoke sasa. Hii ni ya mbwa, na mwishoni kuna kazi. Kazi hiyo utaifanya wewe, si mimi.

Huko juu Mbulu, ambako ukungu wa mwezi wa sita hukaa mpaka saa tano asubuhi, waliishi majirani watatu wasiopendana. Kila mmoja alikuwa na zizi la kondoo, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Lohay alikuwa na dume. Mbwa mkubwa kama ndama, kifua kipana, wa ukoo ulioachwa na mzungu mmoja wa shamba la ngano. Hakuwahi kumpa fisi mgongo. Lakini pua yake ilikuwa ya mapambo tu: fisi akizunguka upande wa pili wa zizi, yeye anakoroma. Lohay alimpa jina Mtanikoma, na Fabiola wa ng'ambo ya ua alijua fika anayeambiwa ni nani.

Fabiola, mjane, alikuwa na jike. Mbwa mdogo wa kienyeji, rangi ya majivu yenye madoadoa. Alinusa fisi wakiwa bado chini korongoni, upepo hata uwe wa kubembeleza. Akishanusa hubweka mara tatu, kisha huingia uvunguni mwa ghala na kuwaachia kondoo shida yao. Fabiola alimpa jina Hawashibi, kwa sababu ua wa Lohay ulikuwa umesogea hatua nne bila kutembea.

Akonaay hakuwa na mbwa. Alikuwa na daftari. Kwa miaka tisa aliandika kila mtoto wa mbwa aliyezaliwa kitongojini: baba nani, mama nani, masikio, mkia, rangi, na alipokua alifanya nini siku fisi walipokuja. Hakuna aliyemtuma wala kumfundisha. Watu walimwita Mwalimu wa Mbwa, na haikuwa heshima.

Mwaka huo fisi walizidi. Lohay alipoteza kondoo kumi na wanne, Fabiola tisa. Akonaay alibakiwa na kumi na mmoja. Kwa watu wale, zizi likiisha unachukua jembe unaenda kulimia wengine, na kila mmoja wao alishaanza kulitazama jembe lake.

Akonaay akaenda kusimama kwenye ua, daftari kwapani.

"Baba Tluway," akamwambia Lohay, "dume lako lina moyo, halina pua. Jike la mama Sulle lina pua, halina moyo. Tuwapandishe."

"Mbwa wangu na kile kipanya?" Lohay akauliza.

"Kipanya ndicho kinachokuamsha," Fabiola akajibu kutoka ng'ambo. "Hilo ndama lako linaamshwa na nani? Mkeo?"

Walitukanana mpaka mchana, kisha wakakubali. Fisi waliwakubalisha, si urafiki.

Wakazaliwa sita. Wakakua, na wote sita wakawa wa katikati: pua nusu, moyo nusu, mwili nusu. Wananusa wakiwa wamechelewa, wanafukuza mpaka getini wanarudi.

"Daftari lako limezaa uji," Lohay akamwambia Akonaay.

"Subiri. Kila mmoja wa hawa amechukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Na moyo si kinasaba kimoja, bwana, wala pua si kimoja. Ni vingi, vidogo vidogo, vingine vinaonekana na vingine vimejificha. Ukiwapandisha hawa wao kwa wao, karata zinachanganywa upya. Mmoja anaweza kuokota nzuri za pande zote mbili."

"Kaka na dada?" Fabiola akatema mate chini. "Kwenye boma langu?"

"Ni mbwa, mama Sulle. Na sikufichi: mabaya yaliyojificha yatatoka pia. Rangi hii ya madoadoa mtoto akiipata kwa baba na kwa mama, huwa mweupe, hasikii, pengine haoni. Ninayo humu, mara saba."

Alisema wazi, kabla. Hilo mlishike.

Wakapandishwa. Jike mmoja kati ya wale sita akazaa nyumbani kwa Fabiola watoto wanane. Wawili weupe pe, viziwi, macho kama maziwa yaliyoganda. Sita wazima. Lakini mama yao akakauka maziwa siku ya tatu. Sasa sikilizeni kila mtu alifanya nini, maana ndiyo hadithi yenyewe.

Fabiola alikamua mbuzi wake pekee. Alichovya kitambaa, akawanyonyesha mmoja mmoja, usiku na mchana, kwa wiki nne. Wajukuu wake walikunywa chai ya rangi wiki zote hizo. Wale weupe wawili walimfia mikononi siku ya nne, akawazika mwenyewe.

Lohay alisikia kwamba fisi wameanza kuzunguka nyumba ya Fabiola kwa harufu ya watoto wale. Hakuwa akiingia boma lile tangu ugomvi wa ua. Aliingia. Alimfunga Mtanikoma mlangoni pa mjane, na alfajiri ya siku ya tano wakaja fisi wanne. Asubuhi watoto wote sita walikuwa hai, na Mtanikoma amelala kizingitini, koo limefunguliwa. Lohay alimbeba begani hadi kwake bila kumsalimu mtu.

Akonaay zamu yake ilikuja wiki ya sita, siku ya masikio. Kule mtoto wa mbwa huchaguliwa kwa kunyanyuliwa kwa masikio yake mawili. Asiyelia ni mkali, anapewa jina. Anayelia ni mwoga, anapelekwa korongoni. Ndivyo walivyofanya babu zao, na ndivyo alivyofanya Lohay. Watano walikaa kimya. Wa sita, kidume mwenye masikio makubwa kuliko kichwa, alilia mpaka akasikika joshoni.

"Korongoni," Lohay akasema.

"Nimempa maziwa," Fabiola akasema, "jina simpi. Mpelekeni."

Akonaay akafungua daftari. "Katika miaka yote ya daftari hili, waliokaa kimya ni thelathini na mmoja. Kumi na tisa kati yao walikuja kuwakimbia fisi. Kimya cha masikio hakina undugu na moyo. Huyu analia kwa sababu mnamuumiza. Wengine hao hawajajua bado."

"Basi mchukue wewe, Mwalimu," Lohay akasema. "Mtalia pamoja."

Akonaay akamchukua. Siku hiyo hiyo akamlaza katikati ya kondoo wake kumi na mmoja, ale hapo, akue hapo, awajue kondoo kwa harufu kama ndugu zake. Akamwita Tutaona.

Wale watano waliokaa kimya? Watatu walikufa kwa ugonjwa. Mmoja akawa mwizi wa mayai. Wa tano alimuuma katekista, kisha alipotokea fisi akaingia uvunguni mwa ghala, palepale pa bibi yake. Wazazi wao nao walikufa kwa ugonjwa huohuo, na Hawashibi alishazeeka, hazai tena.

Tutaona akafika mwaka mmoja na nusu. Siku moja ya ukungu mzito makundi matatu yalichanganyikana malishoni, na Lohay alikuwa hapo, ameshika fimbo asiyoona mwisho wake. Akamwona Tutaona ananyanyua pua. Hakubweka. Aliwazunguka kondoo wote, wa Akonaay na wa wengine, akawasukuma kwenye mwamba, kisha akaelekea upepo unakotoka akasimama. Fisi watano. Mmoja alibaki hapohapo amekufa. Ukungu ulipoinuka walihesabu kondoo, hakupungua hata mwanakondoo.

Kesho yake, siku ya kuogesha mifugo, Lohay akaja joshoni na kamba. Akamfunga Tutaona shingoni, akaanza kuondoka naye.

"Unampeleka wapi?" Akonaay akashika kamba.

"Nyumbani kwa babu yake. Moyo ule uliosimama jana ni wa Mtanikoma, na Mtanikoma alikufa ili huyu aishi. Wewe umetoa nini? Kalamu?"

Fabiola akashika kamba. "Na aliyenusa jana ni nani, baba Tluway? Ndama lako? Pua ni yangu. Maziwa ni yangu. Wajukuu wangu walishinda chai ya rangi kwa ajili ya huyu."

"Nyote wawili mlisema korongoni," Akonaay akasema. "Mlisema mbele yangu. Hana tone la damu kutoka kwangu, sawa. Lakini bila daftari asingezaliwa, na bila mimi angeoza kule chini."

Mwenyekiti wa kitongoji, Hhando, akaacha kondoo wake wakidondosha dawa akaja.

"Mgawane. Mwezi kwa mwezi."

"Amekulia zizi moja," Akonaay akasema. "Jana makundi yalikuwa pamoja. Ukimhamisha kila mwezi, hatajua wa kumlinda ni yupi. Utapata mbwa wa barabarani."

"Basi azae, kila mtu apate mtoto."

"Karata zinachanganywa tena, mwenyekiti. Hatazaa Tutaona watatu. Mimi nilihitaji miaka mitatu kumpata mmoja. Fisi hawatasubiri mitatu mingine."

"Basi unganisheni mazizi."

Hapo wote watatu walikubaliana bila kusukumwa na fisi, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Walisema hapana kwa sauti moja. Lohay akasema hawezi kulaza kondoo na mjane wa matusi, Fabiola akasema hawezi kulaza kondoo na mwizi wa ardhi, Akonaay akasema hawezi kuwalaza na watu wanaotupa watoto. Na ukungu ulikuwa umeanza kuteremka tena mlimani.

Hhando akachoka. "Achieni kamba. Wote."

Wakaiachia, mmoja mmoja, kila mtu akimtazama mwenzake aanze. Tutaona akakaa chini, akajikuna sikio, lile lile kubwa.

Sasa usiniambie waelewane, hawaelewani. Usiniambie mbwa achague, maana mbwa atakwenda alikolala jana, na hiyo si hukumu, ni mazoea. Zizi moja litapona. Mawili yatakwisha kabla ya mvua, na wenye nayo watachukua jembe. Aliyetoa moyo akazika mbwa wake. Aliyetoa pua na maziwa ya nyumba nzima. Aliyetoa akili, akaokota kilichotupwa.

Kamba ile iko chini, na mwenyekiti ameiokota akakukabidhi wewe. Ukungu unashuka. Je, unampa nani?