Sauti Iliyobaki Mahakamani

Mvungu wa kitanda haumheshimu mtu. Awe tajiri au maskini, mwenye kilemba au kichwa wazi, anayetaka kilichoingia humo atapiga magoti kama wenzake. Na wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa wakizungumzia mgongo peke yake. Kuna kiburi pia, nacho ni kigumu kukunja kuliko mgongo. Zuhura na mama yake mdogo, Mayasa, waliyaona hayo hapa Johannesburg.

Zuhura alizaliwa Rosettenville, katika chumba kimoja cha uani ambamo mama yake, Zubeda, mwenyeji wa Tanga, alikuwa akishona nguo za watu. Zubeda alifariki mtoto hajaota meno ya pili. Alimwachia picha chache na khanga moja iliyopauka. Zuhura alikumbuka mengi ya chumba kile: harufu ya uji wa pilipili manga asubuhi za baridi, kioo cha dirisha kilichotoa jasho, mlio wa cherehani kama mvua juu ya bati, na mkate wa Mreno mwenye duka la kona ambao mama aliufunga ndani ya khanga usipoe. Lakini sauti ya mama ilikuwa ikimtoka. Ilififia mwaka hadi mwaka kama rangi za khanga ile, mpaka asubuhi moja aliamka, akaitafuta masikioni, asiikute.

"Sauti yake si unayo wewe," Mayasa alizoea kumwambia. "Ukiongea nyuma ya mlango nashtuka."

"Mama mdogo, mimi nikiongea najisikia mimi tu."

Jioni moja Mayasa alikuwa akimenya viazi, na maneno yakamponyoka. Alikumbuka ile kesi ya cherehani. Cherehani ya Zubeda iliibwa, na watu wakamshauri ayamalize kwa wazee wa msikitini kule Mayfair. Zubeda akakataa, akaenda kutoa ushahidi mahakamani.

"Mimi siku hiyo nilikuwa kazini. Aliporudi akanihadithia kwamba mle ndani wanarekodi kila neno. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, akakitazama kama anayetazama nyoka."

Zuhura aliweka chini kikombe chake. Kumbe sauti ilikuwako mahali.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la mahakama. Karani, mwanamke wa makamo aitwaye Nomsa, alimsikiliza kwa Kizulu huku akibofya kompyuta.

"Zubeda Selemani? Hayupo."

"Alikuwa shahidi, mama."

"Eish, sisi!" alisema, akimwita dada kwa Kizulu. "Faili halimjui shahidi, linamjua mshtakiwa. Niletee jina lake kamili. Tena ningekuwa wewe ningekuja naye mwenyewe. Kesi ni yake. Akiiomba yeye maswali yanapungua. Wewe watakuuliza u nani na unaitakia nini." Akamtazama tena, sauti ikashuka. "Usikawie. Vitu vya zamani vinahamishwa, vingine vinafutwa. Sikuahidi kitu."

Tatizo likawa jina. Nyumbani mwizi yule hakuitwa ila Robo, kwa kuwa enzi hizo alikuwa akiuza chaja za simu kwenye robot, pale magari yanapongoja taa ya kijani.

"Jina lake silijui," alisema Mayasa upesi, tena akimenya viazi.

Zuhura hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayakulala. Aliona kisu kimesimama juu ya kiazi. Hakubisha. Alifagia, akachemsha chai, akamimina, akaketi. Chai ilipofika nusu kikombe Mayasa akashusha pumzi.

"Twalib Hashim. Ana spaza, kiduka cha dirishani, kule Diepsloot. Kila Ijumaa yuko Mayfair, ananiamkia mbele za watu kama vile hakufanya kitu. Simwitikii! Miaka yote hii simwitikii, natazama viatu vyangu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha."

Spaza ya Twalib ilikuwa na dirisha la nondo, dogo, lililowekwa chini kwa kuogopa wezi, hata mteja alilazimika kuinama ili aonane na muuzaji. Zuhura akainama.

"Shikamoo, mjomba Twalib."

"Marahaba, binti. Sukari? Airtime?"

"Mimi ni mtoto wa Zubeda."

Mkono wa Twalib uliganda juu ya mikate. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. "Cherehani sina," alisema.

"Sikuja kudai cherehani."

"Kama umeleta matusi, panga foleni. Mama yako mdogo yuko mbele yako."

Zuhura hakucheka wala hakuondoka. Alimweleza shida yake pole pole, akisogea pembeni kila alipokuja mteja, kisha akirudi kuinama tena. Alipomaliza, Twalib aliirudisha mikate rafuni.

"Ajabu ya Mungu," alisema hatimaye. "Sauti ile mimi ninayo kichwani miaka yote, wala sikuiomba. Wewe unayeiomba huna." Akajifuta mikono. "Kifungo nilikitumikia nikakimaliza. Serikali imeshanisahau, Mayasa ndiye hajanisahau. Sikiliza. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga tena pale mahakamani. Nitakwenda. Lakini kwanza yeye aiitikie shikamoo yangu. Mara moja tu, mbele ya watu walewale."

Mayasa aliposikia sharti hilo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Bora nimeze sindano!"

Zuhura hakumlazimisha. Aliitoa khanga ya mama, akaikunjua, akaikunja tena, akairudisha mahali pake. Siku zikapita hivyo. Ijumaa iliyofuata, Mayasa akiwa anatafuta buibui lake, akauliza bila kumtazama:

"Kwani hao watu wa mahakama wanafuta lini?"

"Hawakusema, mama mdogo. Huenda wameshafuta."

Mayasa alivaa buibui, akatangulia mlangoni.

Pale Mayfair swala ilikwisha, barabara ikajaa kanzu na mabuibui, na maduka ya Wasomali yakafukiza ubani. Twalib alitokea katikati ya watu, macho yake tayari kwa fedheha aliyokwisha kuizoea.

"Shikamoo, dada Mayasa."

Wanawake waliosimama na Mayasa wakageuka kumtazama. Kisa wote walikijua. Mayasa aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake kama kawaida yake. Zuhura alimsikia akivuta pumzi.

"Marahaba, Twalib," sauti ikatoka kwa shida, kama mlango wenye kutu. Na kwa kuwa alikuwa Mayasa, hakuweza kuishia hapo. "Umenenepa! Wizi haunenepeshi hivyo."

"Ni duka, dada," Twalib alisema, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Wallahi ni duka."

Jumatatu walikwenda wote watatu. Nomsa aliandika jina la Twalib, na faili likaonekana. Kwanza walipewa karatasi. Zuhura aliisoma mistari ile michache ya Kiingereza: shahidi anasema anamfahamu mshtakiwa, shahidi anasema alimwona akitoka na mashine.

"Huyu si mama," alimwambia Nomsa. "Huyu ni mkalimani. Naomba ile sauti yenyewe."

"Sisi, wewe hukati tamaa?" Nomsa alitikisa kichwa, lakini akaandika ombi.

Walingoja wiki nyingi. Zuhura alipiga simu, akaambiwa bado. Alikwenda, akaambiwa bado. Akashukuru, akaenda tena. Hata siku ilipowadia, waliketishwa katika chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu, na Nomsa akabofya.

Mkwaruzo. Kikohozi cha mtu. Hakimu akauliza jambo kwa Kiingereza. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, ya Kitanga kabisa:

"Namjua sana. Huyu akila kwangu. Cherehani kaichukua, nimemwona kwa macho yangu. Lakini maharage yangu yalikuwa jikoni, akayazimia moto yasiungue. Sasa huyo ni mwizi gani? Mfungeni, lakini msimfunge sana."

"Anasema anamfahamu," mkalimani alimfasiria hakimu.

Twalib alijifunika uso. "Hayo ndiyo yaliyonikaa kichwani," alinong'ona.

Mayasa alimtazama kwa muda mrefu. Dada yake alikuwa amekwisha kumsamehe mtu huyu mbele ya hakimu, na yeye miaka yote ameibeba chuki ambayo mwenye cherehani aliitua siku ileile.

Ghafla katika kompyuta mtoto akalia, na sauti ya mwanamke ikageuka mbali na kipaza sauti, ikalainika:

"Zuu! Zuu wa mama, nyamaza, nakuja sasa hivi."

Hakimu akauliza shahidi amesema nini. "Si ushahidi," mkalimani akajibu. "Anaongea na mtoto wake."

Tangu mama aondoke, hakuna aliyemwita Zuhura jina lile. Hata mwenyewe alikuwa amelisahau. Alishuka kitini, akapiga magoti, akasogeza sikio mpaka likagusa spika.

"Abee, mama," akaitika.

Mayasa naye akainama kando yake, akamwomba Nomsa airudishe nyuma. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.