Kiti cha Ambokile

"Ukimnyamazisha uwanjani, mpe pa kulilia nyumbani."

Methali hiyo mmeisikia leo kwa mwalimu wenu wa michezo, alipokataa kumfukuza yule mzee anayewapigia kelele kila mkicheza, nanyi mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa, kwenye mashamba haya ya chai, na wahusika wake niliwafahamu kwa majina. Ilikuwa hivi.

Ambokile alikuwa mchuma chai, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mkewe, Subilaga, alipofariki katika uzazi pamoja na mtoto, Ambokile hakulia. Alishika koleo akasaidia kufukia kaburi, akawashukuru waliokuja, na matanga yalipoanuliwa akarudi shambani. Watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Ila majirani wa karibu walisema hawamsikii akilala. Alikuwa akitembea tu ndani ya nyumba.

Kisha timu yetu ya Mlimani ikacheza na Bondeni, na mtu huyo mpole akasimama kwenye mstari akatoa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo.

"Golikipa! Mikono hiyo umeazima? Mrudishie mwenyewe!"

Watu wakacheka. Upande wa pili wa uwanja alikuwapo Tusajigwe, mama muuza ndizi, shabiki wa Bondeni. Huyo hakukubali.

"We wa Mlimani! Mshambuliaji wenu anakimbia kama amebeba maziwa, anaogopa yatamwagika!"

"Na beki yenu ni mlango wa kilabu, kila mlevi anapita!"

Wakaendelea hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Ambokile alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama na machozi yakamtoka, na aliyeyaona alidhani ni ya kicheko. Mpira ulipokwisha, wawili hao walishikana mikono. "Umenichosha leo, mtani," akasema Tusajigwe. Ambokile alirudi nyumbani kwake, na majirani wakasema usiku ule alilala.

Ikawa ndiyo desturi yake. Hakukosa mechi.

Kaka yake, Anyosisye, alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa timu. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Alimpenda mdogo wake, na alichoka kusikia watu wakinong'ona. Siku moja akamwita.

"Mdogo wangu, kaburi la mkeo halijaota hata majani, nawe unabweka uwanjani kama mlevi. Watu wanasema."

"Kaka, pale ndipo..."

"Pale ndipo unapotuaibisha. Kamati imekupa kiti, utakaa na wageni chini ya turubai. Ukae kama mtu mzima."

Kukataa kiti cha heshima mbele ya kaka ni jambo gumu kwetu. Ambokile akakubali. Mechi iliyofuata alivaa koti, akakaa, akaweka mikono magotini. Nyumbani kwa kaka yake nako, alipotaja jina la Subilaga wakati wa chakula, shemeji yake alimwongezea mboga, na kaka akasema, "Hayo yamepita, tumshukuru Mungu." Ambokile hakulitaja tena.

Bondeni walipokuja kwa mchezo wa marudiano, walitufunga mabao mawili mapema. Tusajigwe akamtafuta mtani wake mstarini, akamkosa. Mwishowe akamwona turubaini.

"Ambokile! Mmepigwa mawili, nawe umekaa kama bwana harusi? Bibi harusi yuko wapi?"

Watu wakageuka kumtazama. Tusajigwe hakuwa akijua habari za ule msiba. Mtu akamnong'oneza, naye akashika mdomo. Ambokile alitikisa kichwa taratibu, kama kumwambia si neno.

Baada ya mpira Tusajigwe alivuka uwanja kwenda kuomba radhi, akamkuta Anyosisye kwanza.

"Mzee, mtani wangu mmemfanya nini?"

"Tumemheshimisha, mama."

"Mimi nilikuwa nasikia sauti yake nikijua ina kitu ndani. Sikujua ni nini. Nilikuwa namjibu tu, asije akabaki peke yake nayo. Sasa nani anamjibu?"

Jioni hiyo Anyosisye alimwendea mdogo wake. "Rudi mstarini," akamwambia. "Nilikosea."

"Asante, kaka," Ambokile akasema. "Nimeshazoea kiti."

Na kweli alikuwa amezoea. Alizoea kunyamaza hata pale ilipompasa kusema. Msimu wa baridi ulipoingia kifua kilimbana, naye hakumwambia mtu. Aliendelea kuchuma chai kwenye ukungu mpaka siku aliyoanguka kati ya mistari ya michai. Zahanati walisema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, na wangeambiwa mapema wangeutibu.

Kwenye maziko yake, Bondeni walikuja wengi. Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema na maiti, hivyo Tusajigwe akasogea kaburini.

"Mtani, leo umekimbia mechi. Wenzako nitawatukana, nani atawatetea? Haya, nijibu basi."

Watu wengine walitabasamu, kama ilivyo desturi. Anyosisye akapiga hatua mbele ili ajibu kwa niaba ya nduguye. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwa mwanamume wa heshima yake. Mwenzake wa kanisa akamshika mkono haraka.

"Mzee Anyosisye, jikaze. Watu wanatazama."

"Ndivyo nilivyomwambia yeye!" akasema, akiutoa mkono wake. "Jamani, ukimnyamazisha mtu uwanjani, mpe pa kulilia nyumbani. Mimi nilimpa kiti."

Hakuna aliyemgusa tena. Wachimba kaburi walisimama na makoleo yao wakamngoja, na mvua ikaanza wakiwa bado wanamngoja.

Basi, wanangu, mzee yule anayewapigia kelele sijui amebeba nini, na mwalimu wenu pia hajui. Kama mnaweza, mjibuni. Msipoweza, mwacheni apige. Na siku mtakapolazimika kumfunga mtu mdomo, jiulizeni kwanza atakwenda kuufungua wapi, kwa maana ukimnyamazisha uwanjani, mpe pa kulilia nyumbani.