Eda ya Bi Tumbawe

Nije nisije?
Njoo!
Nije na nini?
Njoo na ngano!

Basi, hapo kale, chini ya bahari, aliishi Bi Tumbawe. Hana mume, hana mtoto. Aliokuwa nao ni wapishi wake, viumbe wadogo wadogo wa kahawia waliojaa ngozini mwake. Jua likitoka, wao wanapika, yeye anakula. Na ile rangi yake nzuri ilikuwa ya wapishi, msicheke.

Ukaja mwaka wa joto. Mchana maji moto, usiku maji moto, alfajiri maji moto. Wapishi wakachanganyikiwa, wakapika sumu badala ya chakula. Tumbo likamkata Bi Tumbawe, akapiga kelele: "Tokeni! Tokeni nyote! Tokeni!"

Wakatoka. Kombo, mkubwa wao, alitoka wa mwisho, hata hakuaga. Bi Tumbawe akabaki mweupe pe.

Samaki Chewa akaja kumtembelea. Kufika mlangoni, akashtuka. "Lo! Nyeupe juu mpaka chini, nguo za kufiwa na mume! Bibi yuko eda."

Nanyi mwajua, mwanamke wa eda hapigiwi hodi na mwanamume. Chewa akarudi kinyumenyume. Changu akaja, akarudi. Tasi akaja, akarudi. Wote wanaume? Ee, wote wanaume, niacheni nisimulie!

Ndani, Bi Tumbawe anasikia mapezi yanakuja, yanasita, yanakwenda zake. "Wamenichoka," akasema. Njaa ilimuuma, nusura imuue, upweke ukamuuma zaidi.

Hatimaye maji yakapoa. Kombo akarudi na wenzake wachache. Chewa akamzuia: "We! Bibi yuko eda!"

"Eda ya nani? Kaolewa lini yule?"

Chewa akampisha, Kombo akasogea mlangoni.

"Hodi!" Kimya. Bi Tumbawe kaijua sauti, aibu imemshika. Aliyemfukuza atamwambia nini?

"Hodi!" Kimya. Sasa anataka kuitika, sauti hana. Na hodi ni tatu, jamani. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake.

"Hodi!"

"Ka... karibu, mwanangu. Nisamehe."

Wakaingia, wakapika. Rangi ikaanza kumrudia, kidogo kidogo. Alipopata nguvu akauliza, "Na jirani zangu, matumbawe wenzangu? Mmewapitia?"

"Tumewapitia, bibi. Kila mlango, hodi tatu."

"Wakasemaje?"

Kombo akainama, akampakulia tena. "Kula, bibi."

Ngano yangu imetua. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka anirudishie.