Siku Sita za Wakesho

Nina kisa cha wake watatu wa ndugu watatu, waliolima mteremko mmoja huko Taita. Nisikilizeni, kisha mnisaidie kukata shauri.

Mghoi, mkubwa wao, alijua kufuga. Kuku wake walimfuata popote alipokwenda. Mkawasi hakujua kuchoka, mzigo wa watu wawili aliubeba peke yake. Wakesho, mdogo wao, alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu, ila alikuwa mzito wa kusema, na palizi yake siku zote ilikuwa ya mwisho.

Mwaka huo vidukari walianzia kwake. Asubuhi moja alikuta mashina ya kunde zake yamekuwa meusi kwa wadudu hao, wadogo kuliko punje ya mtama, wanaofyonza utomvu mpaka mmea ujikunje. Alijua mama mkwe wao, Mama Mwakio, angesema ni uvivu wa palizi. Akanyamaza. Siku sita aliinama akiwaponda kwa vidole, na wenzake walipomsalimia aliwaambia anapalilia.

Siku ya saba mistari ya Mkawasi ilikuwa myeusi. Siku ya nane, ya Mghoi. Nusu ya kunde zote zikanyauka. Mkawasi aliketi kwenye tuta akalia, akisema laiti angejua mapema. Wakesho alisimama kando yake asijue pa kuweka mikono. Alikuwa na jambo la kuwafaa, lakini hakuwa na njia ya kulisema bila kujianika.

“Dada,” alisema mwishowe, macho chini, “ukimponda mmoja, wengine wanaanguka. Nadhani anayepondwa hutoa harufu ya kuwaonya wenzake. Nimewatazama siku sita.”

Mghoi, aliyekuwa karibu nao, akamgeukia. “Siku sita?”

“Walianzia kwangu. Niliona haya kusema.”

Uso ukimwaka, Wakesho alipiga magoti kwenye mstari wa Mkawasi, akaponda vidukari wachache, akalipaka shina majimaji yao. Waliobaki wakaachia, wakadondoka.

Lakini punde walianza kupanda tena. Mkawasi akafuta machozi, akaenda kukusanya majivu kwenye kila jiko la jirani, debe baada ya debe, akazungushia kila shina hadi wadudu wakashindwa kupita. Mghoi naye akawaita kuku wake, akawapitisha mstari kwa mstari, wakawadonoa waliokuwa chini. Siku tatu walifanya hivyo, na kunde zilizosalia zikapona.

Mama Mwakio alisema atampa kishamba chake cha bondeni, kisichokauka hata kiangazi, mmoja tu: aliyeziokoa kunde. Mghoi alitaja kuku wake. Mkawasi alitaja majivu. Wote wawili wakakiri kwamba bila Wakesho wasingejua pa kuanzia, na Mkawasi akaongeza polepole kwamba bila kimya cha Wakesho pengine pasingekuwa na haja ya kuokoa chochote.

Wakesho aliomba asihesabiwe. Mama Mwakio akakataa.

“Nikimnyima aliyesema ukweli ukamuumiza,” alisema, “kesho nani ataniambia jambo? Nami nikimpa, hawa wawili nitawatazama vipi?”

Wakesho hakuinua uso.

Basi amueni nyinyi mliosikia. Kishamba ni kimoja. Wewe ungempa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?